Hatua Tatu za Jukwaa la Nne

"Hapa palikuwa na jiko langu."

"Jiko lako? Hapa walikuwa wanalala kuku wangu! Jiko lako lilikuwa kule, penye ile mashine ya soda."

"Mwarami, utakufa na uongo mdomoni."

"Na wewe Siwazuri utakufa umekumbatia kiwanja changu."

Hao ni majirani zangu, Bi Siwazuri binti Pazi na Mzee Mwarami Tindwa, wakizozana katikati ya Jukwaa la Nne la Stesheni Kuu ya Makutano, sakafu inang'aa mpaka unajiona meno ukiinama. Watu walikuwa wamewazunguka na simu juu, wakidhani ni sehemu ya burudani za ufunguzi. Dada mmoja aliniuliza kama na ngoma itakuwepo. Nikamwambia asubiri, hawa wakipamba moto ngoma haihitajiki.

Msomaji, usinielewe vibaya. Mimi sina ugomvi na serikali. Nchi yetu ni nzuri, na jina lake ningelitaja, ila limepelekwa matengenezo. Tumeambiwa litarudi likiwa refu zaidi. Nasema tu nilichokiona kwa macho haya, na mengine niliyoambiwa na watu ambao hawasemi uongo mpaka walazimike.

Kabla stesheni haijawa stesheni, pale palikuwa mtaani kwetu. Tuliuita Mataruma, kwa sababu nusu ya nyumba zilikuwa zimejengwa kwa mataruma ya reli ya zamani, yale magogo yanayolazwa chini ya vyuma, ambayo yalikuwa na tabia ya kuja yenyewe mitaani usiku. Mimi nilikaa nyumba ya mkabala na ya Bi Siwazuri. Nilikuwa napika vitumbua, na sebule yangu ilijaa watu hata wewe mwenyeji ulikosa pa kuweka mguu. Habari ya mji mzima ilianzia kwangu, na kama haikuanzia kwangu basi ilikuja kwangu kutiwa chumvi.

Siku moja wakaja watu wenye kofia za plastiki. Wakatuambia tuna bahati.

Bahati yenyewe ilikuwa hii. Hapo petu patajengwa stesheni ambako reli zote za nchi zitakutana. Reli ya Kaskazini, ambayo kwa sasa iko kwenye ramani. Reli ya Kusini, ambayo iko kwenye hotuba. Reli ya Magharibi imefika kweli, wasiseme watu, ila imefika ng'ambo ya mto na haijaonana na daraja. Na ya Mashariki ndiyo ile ya zamani iliyokuwa inapita nyuma ya vyoo vyetu kila siku saa mbili asubuhi. Hiyo ilibidi ing'olewe kupisha stesheni.

Sisi tukahamishiwa Makazi Mapya. Ili kuondoa upendeleo, walitupanga kwa herufi za majina. Bi Siwazuri akaenda kwa akina Salima na Sefu, Mzee Mwarami akatupwa kwa akina Mwanahamisi, na mimi nikapelekwa herufi ambayo mpaka leo tuko wanne, mmoja kiziwi. Vitumbua napika sita. Vitatu vinalala.

Siku ya ufunguzi alikuja Waziri wa Kuondoka na Kufika mwenyewe. Alipanda jukwaani, akafuta jasho kwa leso nne, kila moja na rangi yake ya bendera.

"Ndugu wananchi!" akasema. "Wapo wanaouliza, treni ziko wapi? Nami nawauliza, mchimba kisima huanza na maji au huanza na shimo?"

"Na shimo!" tukaitikia.

"Basi serikali yenu imewaletea shimo!"

Tulipiga makofi mpaka viganja vikawaka. Mtu wa nyuma yangu alilia, ila nadhani alikuwa amekanyagwa.

Waziri akatangaza Wiki ya Kustaajabu. Kwa siku saba kila raia ataruhusiwa kuingia na kutembea stesheni nzima, mradi awe na Kibali cha Kustaajabu chenye picha ya uso ukiwa umeshangaa. Ikifika siku ya saba, saa kumi alasiri, milango itafungwa. Baada ya hapo haingii mtu ila abiria mwenye tiketi. Tiketi zitatoka treni zikija, na treni zitakuja abiria wakiwa tayari.

Siku ya saba ndiyo hiyo ninayokusimulia. Ilikuwa inapata saa nane na nusu.

*

Kulifikia hilo Jukwaa la Nne hatukulifikia kirahisi. Pana ngazi za umeme zinazotembea zenyewe, lakini zote zinapanda. Niliuliza za kushuka ziko wapi, nikaambiwa nchi hii hairudi nyuma. Mtu akitaka kushuka, anapanda mpaka ghorofa ya tatu, anapita Ukumbi wa Shukrani, halafu anakuta ngazi ya kawaida ya saruji yenye kibao: KUPANDA KWA KUELEKEA CHINI. Bi Siwazuri na goti lake bovu alipita yote hayo, kapu mkononi. Vyoo tuliviona kwa kioo tu, vinangoja kuzinduliwa. Saa kubwa ya ukutani nayo ilikuwa haijaanza kwenda, inamngoja Waziri aje aiambie.

Kila hatua ishirini amesimama Afisa Mshangao na daftari lake. Wa Jukwaa la Nne aliitwa Bwana Gervas, kijana wa watu, shati limenyooka, koo limekauka. Aliposikia majirani zangu wanavyotupiana maneno akaja mbio.

"Wazee wangu, hapa hapagombanwi. Hapa panastaajabiwa. Mama, umestaajabu?"

"Nimestaajabu, mwanangu," akasema Bi Siwazuri bila kumtazama.

"Kwa kiwango gani? Kidogo, kiasi, au hujiwezi?"

"Weka hujiwezi, baba," nikamjibia mimi, "mwenzangu ana haraka."

Akaandika, akasogea pembeni, akabaki anatuchungulia.

Sasa nikuambie kitu ambacho mpaka siku ile sikuwa nimekisema, mimi ambaye watu wananijua mdomo hauna kufuli. Katika umri wangu wote nimetunza siri moja tu. Ni hii.

Miaka thelathini na nne iliyopita Bi Siwazuri alijifungua mtoto wa kiume aliyezaliwa kimya. Kwetu Mataruma mtoto wa namna hiyo hazikwi na wanaume, wala hapelekwi makaburini. Anazikwa na wanawake, uani kwa mama yake, chini ya ukingo wa paa, pale maji ya mvua yanapodondokea, ili asishikwe na kiu kwa kuwa hakuwahi kunyonya. Wanaume hawaulizi, na hawaambiwi. Tulikuwa watatu: mkunga, ambaye sasa ni marehemu, mama yake Bi Siwazuri, marehemu naye, na mimi niliyeshika taa. Kila mwaka siku ile ikirudi, Bi Siwazuri alimwaga maji kidogo pale, akasoma dua yake, akapika wali wa nazi na kunde akagawia majirani. Tukimuuliza mbele za watu, anasema sadaka tu.

Mwaka uliofuata ule wa msiba, Mzee Mwarami akataka kujenga bafu. Akasema uzio umeingia kwake hatua tatu. Bi Siwazuri akasema bafu lako lijenge popote duniani, hapa hapana. Akaulizwa kwa nini. Akajibu kwa sababu sitaki. Wakaenda kwa mjumbe, wakaenda kwa diwani, wakaenda mpaka kwa mtu mmoja aliyekuwa anapita tu. Miaka thelathini na tatu hawakuingiliana milango. Sahani ya wali ya Mzee Mwarami ilikuwa inarudi imefunikwa vilevile.

Walipokuja watu wa Kamati ya Kuhamisha Kila Kitu, walipita na fomu kuuliza makaburi. Nilikuwepo.

"Jina la marehemu?"

"Hana," akasema Bi Siwazuri.

"Umri wake?"

"Hakuufikia."

"Kazi aliyokuwa akifanya?"

Bi Siwazuri akatazama ukingo wa paa. Bwana yule akapiga mstari, akaandika *Hakuna marehemu*, akampa mkono na kumpongeza kwa kutofiwa. Wiki iliyofuata wakaja na matingatinga.

Siku ile ya saba ya Wiki ya Kustaajabu ilikuwa siku yake mtoto. Ndani ya kapu mlikuwa na chupa ya maji, hotpoti na kanga. Na mbele yake sakafu moja, nyeupe, pana kama bahari, haina uzio wala paa lake wala hata kisiki. Mwenzangu alikuwa na saa moja na nusu ya kujua mwanawe yuko chini ya kigae kipi. Baada ya hapo mpaka reli nne zikutane.

*

Kitu kimoja tu cha zamani walikibakiza. Mwisho wa jukwaa, ndani ya sanduku la kioo, limewekwa jiwe la maili la reli ya zamani, lilelile, palepale lilipokuwa. Pembeni wameandika: JIWE LA KALE. MATUMIZI YAKE HAYAJULIKANI.

Mzee Mwarami alipoliona alicheka kicheko kibaya. Yeye alikuwa mkaguzi wa njia. Miaka ishirini na saba alitembea juu ya reli ile kwa miguu, nyundo begani, anagonga vyuma na kusikiliza kama kimoja kinalia vibaya. Mtu wa kazi ile miguu yake inajifunza. Anakanyaga taruma moja, la pili, la tatu, mpaka hatua yake inakuwa sawa daima, hata akienda msikitini, hata akienda harusini. Tulikuwa tunamtania kwamba akifa atakwenda kaburini kwa kuhesabu. Na kutoka jiwe lile mpaka kwenye uzio wake alikuwa ameshapita mara elfu.

Ndiyo maana Bi Siwazuri alimfuata. Alimeza miaka thelathini na tatu ya kiburi akampigia simu: "Mwarami, njoo stesheni. Nataka unipimie ulipokuwa uzio." Basi. Hakusema zaidi.

Na Mwarami akaja, kavaa koti. Alidhani amekuja kushinda.

"Haya," akasema. "Nahesabu mara ya mwisho. Mama Zaina, wewe ni shahidi."

Akasimama mgongo kwenye lile sanduku la kioo, akaanza. Moja, mbili, tatu. Mguu unashuka kama saa. Watu wakaacha kupiga kelele, ilikuwa raha kumtazama. Mpaka mia moja hatua zilikuwa sawasawa kama shanga. Lakini mimi nimekaa dirishani maisha yangu yote kutazama watu wanavyotembea, na nikaona. Kuanzia mia na tano hatua zikaanza kurefuka. Za mwisho alikuwa kama mtu anayeruka mtaro.

"Mia na tisa!" akasema, anatweta. "Uzio ulikuwa hapa. Hatua tatu mbele ya pale ulipokuwa unang'ang'ania. Sasa umeona?"

Bi Siwazuri alimtazama miguu, halafu akamtazama uso. Nilingoja atukane. Hakutukana.

"Una hakika, Mwarami?" akauliza taratibu.

"Hakika."

"Apa."

"Ya nini kuapa, wakati miguu imesema?"

Bi Siwazuri akaanza kuinama pale alipoonyeshwa, karibu na mashine ya soda, anatafuta pa kuweka goti bovu. Akafungua chupa ya maji. Halafu akasita. Alikuwa hamuamini, na hakuwa na mwingine wa kumuamini.

"Mama, kumwaga maji ni kosa," akasema Bwana Gervas, daftari limefunguka. "Maji yanaruhusiwa pale tu."

Akaonyesha ndoo. Mvua za vuli zilikuwa zinanyesha nje, na paa jipya la stesheni lilikuwa tayari linavuja, tone baada ya tone. Chini yake wamekinga ndoo ya bluu, wameizungushia kamba, wameandika: KIPENGELE CHA MAJI. USIGUSE.

Hapo ndipo nilipovunja siri yangu. Nilimshika Mzee Mwarami koti nikamvuta nyuma ya nguzo.

"Wewe mzee," nikamwambia, "unajua unapima nini?"

"Mpaka."

"Unapima kaburi."

Nikamwambia yote. Taa, mkunga, ukingo wa paa, maji. Sikutia chumvi, na nadhani ndiyo mara ya kwanza. Alinisikiliza akiwa amekodolea macho lile jiwe.

"Na mimi nilitaka kuweka bafu," akasema.

"Hukujua."

"Maji machafu, Mama Zaina. Maji ya kuogea. Juu yake."

"Hukujua, nimesema."

"Hilo sikujua." Akajifuta uso kwa mkono wa koti. "Lakini mpaka niliujua. Siku zote. Baba yangu alinionyesha kabla hajafa, akaniambia uzio uko sawa, usimchokoze binti Pazi. Mimi nikasema mwanamke ataniambia *sitaki* mbele za watu? Ndiyo nikazing'ang'ania hizo hatua tatu."

Akarudi kwenye jiwe. Safari hii alivua makubazi akayaweka kando. Hakuhesabu kwa sauti. Tuliona midomo tu. Mzee wa watu, kisigino kimepasuka, juu ya kigae baridi, anatembea juu ya reli isiyokuwepo. Hatua hazikurefuka. Alisimama pungufu ya mara ya kwanza, hatua tatu kamili, mbele ya kibao cha njano kilichobandikwa sakafuni, alama ya nyayo mbili zimekatwa msalaba: USISIMAME HAPA.

"Siwazuri," akaita. Jina tupu, kama anavyoita mtu dada yake. "Uzio ulikuwa hapa. Ulikuwa hapa tangu zamani. Nilikudhulumu nikijua."

Bi Siwazuri akaja na kapu lake. Kutoka uzio mpaka ukingo wa paa ilikuwa hatua moja na nusu, hiyo alikuwa nayo moyoni. Akaipiga. Akatua katikati ya zile nyayo za njano, akakaa chini kwa goti lake lote, akaweka kiganja kwenye kigae. Hakulia. Alipapasa tu pale, taratibu, kama anayeangalia homa.

"Mama, hapo hapasimamwi," akasema Bwana Gervas.

"Kwani amesimama?" nikamuuliza. Akatazama daftari.

"Basi asimwage maji. Nitafukuzwa kazi, bibi. Nakuomba."

Bi Siwazuri ameshika chupa na kifuniko chake, anaitazama. Mimi nilikuwa natafuta la kusema, na kwa kawaida silikosi. Ndipo Mzee Mwarami akaanza kurudi kinyumenyume, uso juu, mikono imenyooka, anatazama dari la stesheni.

"Lo!" akasema kwa sauti ya kusikika mpaka Ukumbi wa Shukrani. "Jamani paa hili! Jamani nguzo hizi! Nastaajabu mie! Sijiwezi!"

Kisigino kikaingia kwenye kamba. Ndoo ya bluu ikala mwereka. Maji ya mvua, maji yaleyale ya juu ya paa, yakatandaa kwenye kigae, yakapita chini ya mashine ya soda, yakakata kona, yakaja polepole mpaka kwenye vidole vya Bi Siwazuri, yakapita, yakajaa pale alipoweka kiganja.

Bwana Gervas akabaki mdomo wazi.

"Mzee, umemwaga Kipengele cha Maji!"

"Nimestaajabu, mwanangu. Kibali ninacho. Andika."

Kijana akamtazama, akamtazama Bi Siwazuri anayesogeza midomo kwenye dua yake, akatazama viatu vyake mwenyewe vilivyolowa. Halafu akarudi nyuma hatua mbili, kwa adabu, kama aliyegundua amekanyaga mkeka wa watu. Nilimwona anaandika: *Wamestaajabu wote watatu. Hawajiwezi.*

*

Kipaza sauti kikatangaza kwamba imebaki robo saa, na kwamba serikali inawashukuru wananchi kwa mdomo wao wazi. Watu wakaanza kutoka, maana yake wakaanza kupanda. Ile saa kubwa bado inaonyesha saa sita.

Bi Siwazuri alimaliza dua. Akatandika kanga upande mkavu, kwenye palipokuwa jiko lake, maana sasa tulijua lilipokuwa. Akafungua hotpoti. Harufu ya nazi ilipanda pale Jukwaa la Nne, nami, sijui nikuambieje, niliona ukuta wangu, dirisha langu, na watu wote wa Mataruma wakinyoosha shingo kuuliza nani anapika. Nilikaa upande wangu. Akanipa kijiko.

Mzee Mwarami alikuwa ameyafuata makubazi yake, sasa amerudi nyuma ya mstari wa uzio, miguu mitupu, ameyashika mkononi. Hakusogea. Nikamwambia njoo mzee, muda unakwenda. Akatikisa kichwa. Akazunguka, akafuata ukuta ambao haupo, akapita barazani ambako sasa pana benchi la chuma, akasimama mahali palepale ulipokuwa mlango wa mbele wa Bi Siwazuri, mlango ambao hakuukanyaga miaka thelathini na tatu.

"Hodi," akasema.

Bi Siwazuri alikuwa anapakua. Mkono ukasimama hewani. Walinzi walikuwa wameshaanza kuvuta lango la kwanza, tunasikia chuma kinavyoburutwa.

"Hodi hapa," akarudia, sauti imekwaruza.

"Karibu, Mwarami," akasema Bi Siwazuri, akamsogezea sahani. "Pita ndani. Pita taratibu tu, mtoto amelala. Njoo ule."